LUGHA NA MAANA: Si Kila Atazamaye Huona

Mzazi mmoja katika wasomaji wetu ametuletea swali ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa barua tu, kwani faida yake ni ya nyumba nyingi. Anasema kwamba binti yake, aliye katika shule ya sekondari, alikuwa akisoma tafsiri ya Qurani Tukufu kwa Kiingereza. Alipofika katika Sura ya Nuur, aya ya 30, pale waumini wanaume wanapoamrishwa wainamishe macho yao, akakuta neno "gaze". Akafungua kamusi, akaambiwa maana yake ni kutazama. Akatafuta "look", akaambiwa ni kutazama. Akatafuta "watch", akaambiwa ni kutazama. Ndipo akamwuliza babake: "Baba, ikiwa yote ni kutazama, mbona Waingereza wana maneno mengi hivi? Na hili lililokatazwa hapa ni lipi?"

Huyo binti ameuliza maswali mawili, moja la lugha na moja la dini, na la pili halijibiki mpaka lijibiwe la kwanza. Basi tuyachukue kwa mpango.

Kwanza yatupasa tujue kwamba kuyapambanua maneno yanayofanana si anasa ya walimu wa lugha. Katika Sura ya Baqara, aya ya 104, waumini walikatazwa kumwambia Mtume s.a.w. "raainaa", wakaamrishwa waseme "undhurnaa". Ukiyapima kwa juujuu, maneno haya mawili yanakurubiana sana: la kwanza ni kumwomba mtu akuangalie na akuchunge, na la pili ni kumwomba akutazame na akungoje. Lakini lile la kwanza, baadhi ya watu waliomfanyia Mtume uadui huko Madina walikuwa wakilipotoa kwa ndimi zao, wakaligeuza kuwa tusi. Kwa hiyo neno jema likaachwa kwa sababu ya kivuli kibaya kilicholiandama, likachukuliwa jingine lisilo na kivuli hicho. Ikiwa Mwenyezi Mungu Amewafundisha waumini kuchagua baina ya maneno mawili yaliyo karibu hivyo, sisi ni nani hata tuseme kwamba maneno yote ni mamoja?

KUONA NA KUTAZAMA

Mlango wa elimu hii ni tafauti baina ya "see" na "look". "See" ni kuona: ni jambo linalokujia jichoni, ukitaka usitake. Mwenye macho mazima akifungua dirisha huona, wala hahitaji kukusudia. "Look" ni kutazama: ni mtu kulielekeza jicho lake upande fulani kwa kusudi lake mwenyewe. Kutazama ni kazi, na kuona ni tunda la kazi hiyo. Na tunda huenda likapatikana, huenda lisipatikane. Ndiyo maana Mwingereza aweza kusema "I looked, but I did not see", wala asiwe amejipinga mwenyewe.

Ushahidi wa tafauti hii umo katika Qurani. Katika Sura ya Aaraf, aya ya 143, Nabii Musa a.s. alimwomba Mola wake Ajionyeshe kwake ili apate kumtazama. Akajibiwa kwamba hatamwona, lakini autazame mlima. Tazama jinsi maneno yalivyopangwa: Musa aliomba kutazama, naye akanyimwa kuona, kisha akapewa ruhusa ya kutazama kitu kingine. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 198, vitenzi vitatu vimekutana mahali pamoja: Mtume awaona wakimtazama, na hali wao hawaoni. Wafasiri wengine wamesema kwamba wanaotajwa hapo ni masanamu yaliyochongwa macho, na wengine wamesema ni washirikina wenyewe. Kwa tafsiri yoyote utakayoishika, maana ni moja: jicho lililoelekezwa si lazima liwe jicho lililoona.

Mfano wa nyumbani kwetu ni mwezi mwandamo. Magharibi ya tarehe 29 Shaabani watu hutoka wakaenda ufukoni au wakapanda juu ya mapaa, wakakaza macho upande wa machweo. Mia wametazama, na aliyeona labda ni mmoja. Sharia haikuifungamanisha saumu na kutazama. Imeifungamanisha na kuona. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Kuraib aliporudi Madina kutoka Sham, akaeleza kwamba huko mwezi ulionekana usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas r.a. hakumwuliza kama watu wa huko waliutazama. Alimwuliza kama yeye mwenyewe aliuona. Kwa Kiingereza, kuutafuta mwezi ni "look for", kuuona ni "see", na kukiona kile kilichokuwa kikitafutwa kwa mara ya kwanza, kama baharia aionavyo nchi kavu baada ya safari ndefu, ni "sight". Kwa hiyo mwezi ukionekana, huambiwa kwamba umekuwa "sighted", na kijana anayetaka kueleza khabari za Ramadhani kwa wenziwe shuleni asiseme kwamba watu "looked" mwezi, bali aseme kwamba wali"look for" kisha waka"see".

KUTAZAMA KWA KUFUATILIA

Neno la tatu ni "watch". Hili ni kukitazama kitu kwa muda, huku ukingojea kitakavyokwenda au kitakavyogeuka. Picha iliyotundikwa ukutani hu"look at", kwa sababu haiendi popote. Mpira wa miguu, mtoto anayevuka barabara, na chungu kinachokaribia kufurika mekoni, hivyo hu"watch". Hata katika starehe Waingereza huweka mpaka: televisheni ni ya ku"watch", lakini aliyekwenda senema huweza kusema kwamba ame"see" filamu.

Asili ya neno hili ni nzuri kuijua. Ni ndugu wa neno "wake", ambalo ni kuamka na kuwa macho. Katika Kiingereza cha zamani ku"watch" kulikuwa ni kukesha, na hata leo zamu za walinzi wa usiku na za mabaharia huitwa kwa neno hili. Saa ya mkononi nayo imepata jina lake hapo hapo. Basi ndani ya "watch" mna ulinzi na mna uchunga. Katika mwanzo wa Sura ya Nisaa, aya ya kwanza, Mwenyezi Mungu Anaelezwa kuwa ni Raqiib juu yetu. Wafasiri wawili mashuhuri wa Kiingereza, Muhammad Marmaduke Pickthall, ambaye tafsiri yake ilitoka mwaka 1930, na Abdullah Yusuf Ali, ambaye yake ilitoka Lahore baina ya mwaka 1934 na 1937, wote wamekwenda kwenye neno hili la "watch". Hawakuchagua "see", kwani kila mwenye macho huona. Wala "look", kwani atazamaye huenda akachoka akageuka. Wamechagua neno la asiyelala.

Na mja naye ana fungu lake katika neno hili. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Ibn Abbas r.a. kwamba kuna macho mawili yasiyoguswa na Moto: jicho lililolia kwa kumcha Mwenyezi Mungu, na jicho lililokesha likilinda katika njia Yake.

KWA UFUPI NA KWA UREFU

Sasa twafika kwenye maneno yanayopima muda. "Glance" ni kutupa jicho mara moja na kuliondoa, kama mtu atazamavyo saa huku akiendelea na mazungumzo. Yupo ndugu yake, "glimpse", na wengi huwachanganya. "Glance" ni tendo lako wewe. "Glimpse" ni kile ulichobahatika kukiona kwa dakika hiyo fupi. Basi la kwanza ni mtoto wa "look" na la pili ni mtoto wa "see". Aliyekuwa katika motokaa iendayo mbio, akauona mnara wa msikiti baina ya minazi kisha ukatoweka, huyo amepata "glimpse", hata kama hakuwa akiutafuta.

Upande wa pili kuna "gaze" na "stare", na yote mawili ni kutazama kwa muda mrefu bila ya kugeuka. Tafauti yao imo moyoni. "Gaze" ni kutazama kwa utulivu, kwa mapenzi, kwa fikira au kwa kustaajabia uzuri. Hujaji anayeifikia Al-Kaaba kwa mara ya kwanza hu"gaze". Mama aliyempakata mwanawe aliyelala hu"gaze". "Stare" ni kukodoa macho, na mara nyingi sababu yake ni hofu, mshangao, upumbavu au ukosefu wa adabu. Mzee wa Kiingereza humkanya mtoto asi"stare" watu, kama sisi tunavyomkanya mtoto asimkodolee macho mgeni anapokula.

Hata wafasiri wakubwa wamekhitilafiana katika vipimo hivi. Katika kisa kile cha Nabii Musa, Pickthall ametia "gaze" pale Musa anapoomba kutazama, kana kwamba ameona katika ombi hilo shauku ya mpenzi asiyetaka kuondoa macho. Yusuf Ali yeye ametosheka na "look". Neno la Kiarabu ni moja, "nadhara", nalo halikusema ikiwa kutazama huko ni kwa kitambo au kwa muda mrefu. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua, na anapochagua huongeza kitu kidogo ambacho hakikutajwa.

JAWABU LA SWALI LA BINTI

Hapa ndipo mahali pa khatari, na hapa ndipo jawabu lilipo. Katika Sura ya Nuur wafasiri wote wawili tuliowataja wametumia "gaze". Mwenye kukijua Kiingereza peke yake aweza kufahamu kwamba kinachokatazwa ni kule kutazama kurefu tu. Naye kijana mwenye hila akapata udhuru: "Mimi siku'gaze', nili'glance' tu", kisha aka"glance" mara kumi katika njia moja. Kwa upande mwingine, mwenye moyo wa khofu huenda akadhani kwamba kila kitu kilichompitia jichoni pasi na kutaka kimemwandikia dhambi, akaishi katika dhiki ambayo dini haikumwekea.

Qurani yenyewe haikutaja urefu wala ufupi. Imetaja "absaar", nayo ni macho au uoni wenyewe; na kabla yake imetia herufi "min", ambayo wengi katika wafasiri wamesema kwamba yaonyesha baadhi. Yaani si macho yote yafumbwe wala si kila kutazama kukatazwe, bali kuzuiwe kule kusikokuwa halali. Na aya inayofuatia, ya 31, imewaamrisha wanawake waumini jambo lile lile, ili mtu asidhani kwamba mzigo huu ni wa upande mmoja.

Mpaka wenyewe umebainishwa na Mtume s.a.w. Jarir bin Abdullah r.a. alimwuliza juu ya kutazama kwa ghafula, akaamrishwa aligeuze jicho lake. Na hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Na Sayyidna Ali r.a. aliusiwa asiufuatishe mtazamo kwa mtazamo mwingine, kwani wa kwanza ni wake na wa pili si wake. Nayo imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Ukiziweka hadithi hizi katika mizani ya maneno tuliyoyaeleza, utaona kwamba sharia haikupima kwa saa. Imepima kwa kusudi. Kilichokujia jichoni bila ya wewe kukitaka ni "see" au "glimpse", na hicho umesamehewa madhali umeligeuza jicho lako. Dakika unaporudi kutazama kwa kutaka kwako, umetoka katika kuona na umeingia katika kutazama, hata kama ni kwa kupepesa jicho mara moja. Kwa hiyo "glance" ya pili ni nzito kuliko ile "see" ya kwanza, ijapokuwa ni fupi zaidi.

Wala tusisahau namna Mtume s.a.w. alivyofundisha jambo hili. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, Fadhl bin Abbas r.a. alikuwa amepanda nyuma yake. Akaja mwanamke wa kabila la Khath-am kuuliza juu ya kumhijia babake mzee, na Fadhl akawa akimtazama, naye akimtazama Fadhl. Mtume akaugeuza uso wa Fadhl upande mwingine, na mwanamke yule akajibiwa swali lake. Hakufukuzwa wala hakunyimwa elimu, na kijana hakutukanwa mbele ya watu. Kisa hiki kimo katika Sahihi Bukhari na Muslim, na wazazi wenye vijana wakisome vizuri.

KUCHUNGULIA NA KUKAZA MACHO

Yamebaki maneno machache yenye kusudi lililofichika. "Peep" ni kuchungulia kwa siri, kupitia tundu au ufa. Hili pia lina hukumu yake. Sahl bin Saad r.a. amesimulia kwamba mtu mmoja alichungulia kwa tundu ndani ya chumba cha Mtume s.a.w., na Mtume alikuwa na kitana mkononi akijikunia kichwa. Akamwambia kwamba lau angalijua anatazamwa, angalimchoma jichoni kwa kitana hicho. Kisha akamfahamisha kwamba kupiga hodi kumewekwa kwa ajili ya macho. Basi hodi zetu za pwani si desturi tupu ya ustaarabu. Ni kizuizi cha "peep". Na katika zama zetu tundu si la mlangoni peke yake. Anayefungua simu ya nduguye au ya mkewe, akapekua maandishi yake pasi na idhini, naye amechungulia chumba cha mtu.

"Peer" si kuchungulia, ijapokuwa kwa sauti linakaribiana na "peep". Ni kukaza macho kwa taabu kwa sababu mwanga haba au macho yamechoka, kama bibi anayetunga uzi katika sindano. Hilo halina lawama. Na "glare" ni kutazama kwa ghadhabu, macho yakiwaka. Wapo watu ambao hawakuinua mkono katika nyumba zao hata siku moja, lakini wake zao na watoto wao wanaishi chini ya jicho la namna hii. Katika Sura ya Ghaafir, aya ya 19, tumeambiwa kwamba Mwenyezi Mungu Anaijua khiyana ya macho na yanayofichwa na vifua. Ikiwa jicho laweza kufanya khiyana, basi jicho laweza pia kufanya dhulma.

MANENO MADOGO YAFUATAYO

Kiswahili hugeuza maana kwa kukivuta kitenzi: tazama, tazamia, tazamana, ona, onana, onyesha, na ukisema kuonea, umekwishafika kwenye dhulma. Kiingereza hufanya kazi hiyo kwa maneno madogo yanayofuata nyuma, na hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza. "Look at" ni kutazama. "Look for" ni kutafuta. "Look after" ni kutunza, kama mtoto au mgonjwa. "Look into" ni kuchunguza jambo. "Look forward to" ni kutazamia kwa furaha. "Look down on" ni kumdharau mtu, na "look up to" ni kumheshimu. Neno dogo likianguka, maana yote yaanguka nalo: aliyekusudia kusema kwamba anamtunza mamake mgonjwa, akasahau "after" akatia "at", amesema kwamba amekaa akimtazama tu.

ZOEZI LA NYUMBANI

Wazazi wawasomee watoto sentensi hizi, na kila mmoja achague neno lake kabla ya kusoma majibu yaliyo chini.

1. Mlinzi alikesha akiiangalia ghala mpaka alfajiri.
2. Nilipopita sokoni niliona kofia yake kwa mbali, mara akatoweka.
3. Mtoto alimkodolea macho mgeni mwenye upara.
4. Alikaa juu ya mwamba akiitazama bahari kwa utulivu, asiseme neno.
5. Tuliutafuta mwezi lakini hatukuuona.

Majibu ni haya: la kwanza ni "watch", la pili ni "glimpse", la tatu ni "stare", la nne ni "gaze", na la tano ni "look for" pamoja na "see".

Kwa huyu binti aliyeuliza, twasema: Mwenyezi Mungu Akuzidishie elimu. Soma tafsiri za Kiingereza, kwani zina manufaa, lakini usiliegemeze juu ya neno moja la Kiingereza jambo ambalo Kiarabu hakikulisema. Ukikutana na neno linalokutatiza, rejea kwa mwalimu wako, uulize neno la asili ni lipi, kisha uulize Mtume s.a.w. alilifafanuaje. Na kwa babake twasema: mtoto anayeuliza namna hii asinyamazishwe.

Katika toleo lijalo, inshallah, tutayaeleza maneno ya kunena: "say", "tell", "speak" na "talk", ambayo nayo yote kamusi huyaita kusema. Wabillahi tawfiq.